Pindua kiatu kwanza: mwongozo wa pedali na viatu kwa anayeanza baiskeli

Jumamosi moja alfajiri tulikuwa tumesimama mwisho wa Daraja la Tanzanite tukiwasubiri wenzetu, kijana aliyejiunga nasi wiki ile akanifuata na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vya baiskeli, vyeupe, visafi, alivyovipata kwenye mtumba pale Karume. Miguuni alivaa raba.

"Kaka, viatu vinanikaa vizuri kabisa, lakini nikikanyaga pedali vinateleza kama nimekanyaga sabuni. Nimekosea wapi?"

Nikavipindua. Soli ngumu ya plastiki, matundu matatu yamepangwa pembetatu. Nikaangalia baiskeli yake: pedali ndogo za chuma za aina ya SPD, ambazo hunasa kipande cha chuma kinachofungwa chini ya kiatu kwa bolti mbili. Viatu vizima, pedali nzima, na bado haviwezi kufanya kazi pamoja hata siku moja.

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, nimekutana na wengi walioanza kuendesha kwa dhati, na kosa la kijana yule nimeliona mara nyingi mno. Ni pesa inayouma kupotea. Mwongozo huu nimewaandikia watu hao, nikimfikiria mtu mwenye baiskeli moja, kipato cha kawaida na fundi wake wa mtaani.

Hatua ya 1: hesabu mara unazoweka mguu chini

Kabla hujatoa pesa, zikumbuke safari zako tatu za mwisho. Uliweka mguu chini mara ngapi? Anayetoka Tegeta kwenda Posta kila asubuhi husimama kwenye mataa, husimama daladala ikimkata kuingia kituoni, husimama bodaboda ikichomoka upande asioutarajia. Akifika kazini anapanda ngazi na viatu vilevile. Anayeondoka Mbezi Jumapili saa kumi na moja alfajiri kuelekea Bagamoyo anaweza kwenda saa nzima bila kugusa ardhi. Na anayependa vilima vya Pugu na Kisarawe atashuka kusukuma kwenye mchanga, kisha atapanda tena soli ikiwa imejaa tope. Hawa watatu wanahitaji pedali tofauti, hata kama baiskeli zao zinafanana.

Kama bado hujui wewe ni yupi kati yao, anza na pedali bapa, zile za kawaida ambazo mguu unakaa juu bila kufungwa. Mtu mgeni kwenye baiskeli ana mengi ya kujifunza kwa wakati mmoja: kubadili gia kabla ya mlima, kugawa nguvu kati ya breki ya mbele na ya nyuma, kugeuka kutazama nyuma bila usukani kuyumba. Ukimfunga na miguu juu ya hayo yote, unamwongezea hofu isiyo na sababu. Mimi humshauri kila anayeanza akae na pedali bapa miezi mitatu hivi. Na asidhani ni za watoto: Sam Hill wa Australia ametwaa ubingwa wa dunia wa kushuka milima zaidi ya mara moja akiwa juu ya pedali bapa.

Hatua ya 2: pedali bapa iliyo nzuri, na kiatu chake

Pedali bapa zimetofautiana sana, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Zile za plastiki nyembamba zinazokuja na baiskeli ya bei ya chini huteleza zikilowa, na baada ya miezi michache huanza kulia kila mzunguko. Za raba, kama zilivyo kwenye baiskeli ya Phoenix, zimetengenezwa kwa ajili ya ndala na mwendo wa taratibu. Kwa kazi hiyo hazina mpinzani, lakini mvua ya masika ikishuka unazikanyaga kwa tahadhari.

Tafuta pedali yenye uso mpana kiasi cha kubeba unyayo wako wa mbele wote, yenye meno madogo ya chuma juu, yaani pini. Pini ndizo zinazoshika soli. Zipo za mwili wa alumini na zipo za nailoni ngumu. Za nailoni ni nafuu, hazipati kutu, na pini zake ni kali vya kutosha. Kabla ya kulipa, shika ekseli kwa mkono mmoja, ile nondo fupi inayoingia kwenye kranki (mkono unaobeba pedali), na uizungushe pedali kwa mkono mwingine. Izunguke laini bila kukwaruza. Kisha itikise juu na chini. Ikicheza, ndani yake gololi zimelegea au zimeisha. Pedali mpya inayocheza dukani itakufia barabarani.

Jambo moja kuhusu pini: zikikukosa mguu zinakupata ugoko. Zinakwangua vibaya. Wiki za mwanzo vaa suruali au soksi ndefu, na kama pini zako zinafunguka kwa alenki, toa zile za katikati mpaka uzoee.

Kiatu cha pedali bapa usikitafute mbali. Kinachotakiwa ni soli bapa ya raba laini, isiyo na visigino vinavyojitokeza wala mifereji mikubwa. Raba zile za kuchezea skeitibodi, mfano Vans, hufanya kazi nzuri mno, na mitumbani zimejaa. Five Ten hutengeneza viatu maalumu vya pedali bapa vyenye raba inayonata hasa, lakini kwa mwanzo si lazima. Epuka raba za kukimbilia zenye soli nene ya sponji: kila unapokanyaga, sponji inabonyea na kula nguvu yako, na baada ya kilomita 30 unahisi pedali ikichoma unyayo. Kamba za viatu zichomeke ndani au zielekeze upande wa nje, hasa za mguu wa kulia, kwa sababu mnyororo uko upande huo na hauachi kitu ukishakamata.

Hatua ya 3: hakikisha pedali itaingia kwenye kranki yako

Pedali nyingi za baiskeli za watu wazima zina hesi ya inchi 9/16, kama milimita 14 ukipima kwa rula. Baiskeli nyingi za watoto, na zile ambazo kranki yake ni chuma kimoja kilichopinda kutoka upande mmoja hadi mwingine, hutumia nusu inchi, kama milimita 12 na nusu. Hazibadilishani. Fungua pedali ya zamani, nenda nayo dukani, uipime na ile unayonunua. Hilo tu linatosha.

Kufungua ndiko kwenye kazi. Nilimkuta fundi mmoja amesimama kwa uzito wake wote juu ya spana, msaidizi ameshikilia baiskeli, wote wawili jasho linawatoka. Pedali ya kushoto ilikuwa imegoma. Kumbe walikuwa wakiigeuza upande ambao bolti zote duniani hufungukia, na pedali ya kushoto hesi yake ni ya kinyume. Kila walipokandamiza walizidi kuikaza. Mwishowe ilitoka kwa nguvu pamoja na hesi ya kranki: vipande vyembamba vya alumini vikining'inia kwenye ekseli kama maganda ya penseli. Mwenye baiskeli alinunua kranki mpya.

Pedali ya kushoto hukazwa kinyume ili mzunguko wa miguu usiifungue polepole unapoendesha. Badala ya kukariri saa na kinyume cha saa, tumia kanuni hii. Ingiza spana namba 15 kwenye ekseli, mpini wake ukielekea juu. Ukiusukuma kuelekea gurudumu la nyuma, pedali inafunguka. Ukiusukuma kuelekea gurudumu la mbele, inakaza. Kushoto na kulia, kanuni ni hiyohiyo. Pedali nyingine hazina nafasi ya spana. Hizo zina tundu la alenki namba 6 au 8 mwisho wa ekseli, upande wa ndani wa kranki, na kanuni haibadiliki.

Wakati wa kufunga, tazama herufi zilizochongwa kwenye ekseli: L ni kushoto, R ni kulia. Safisha hesi, paka grisi, kisha anza kwa vidole. Ekseli iingie mizunguko mitatu au minne bila spana. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, maana ekseli ya chuma itaikata alumini ya kranki bila wewe kusikia. Ikishaingia yote, kaza kwa nguvu ya mkono mmoja. Usisahau grisi. Pwani hii yenye hewa ya chumvi, pedali iliyofungwa kavu huganda kwenye kranki ndani ya mwaka.

Hatua ya 4: ukiwa tayari kwa pedali za kunasa

Baada ya miezi hiyo mitatu huenda ukagundua kwamba ukienda mbali mguu unahamahama, au kwenye lami yenye mabaka unyayo unaruka juu ya pedali. Hapo pedali za kunasa zina maana. Wengine watakuambia zitakuongezea kasi ya ajabu. Ninachokiona mimi ni kwamba faida yake kubwa ni mguu kukaa palepale, saa baada ya saa, bila wewe kuufikiria.

Madukani utasikia zikiitwa kliplesi, yaani zisizo na klipu, jina linalochanganya kwa kuwa ndizo zinazonasa. Zamani mguu ulizuiwa kwa kikapu cha chuma na mkanda, na kikapu hicho ndicho kilichoitwa klipu. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedali inayonasa kiatu chenyewe. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia, na vikapu vikaanza kuondoka. Mifumo mingi iliyopo sokoni leo inatokana na wazo hilo.

Sasa pindua kiatu uhesabu matundu.

Matundu mawili, yamekaa sambamba ndani ya mfereji katikati ya soli: hiki ni kiatu cha kliti ndogo ya chuma. Kliti ni kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu ili pedali ikikamate. Mfumo unaojulikana zaidi ni SPD wa Shimano, uliotoka mwaka 1990. Kliti inazama kwenye soli, kwa hiyo unaweza kutembea, kupanda ngazi, kusukuma baiskeli kwenye mchanga. Pedali nyingi za aina hii hunasa pande zote mbili, huhitaji kuinama kutafuta upande.

Matundu matatu ya pembetatu: kiatu cha barabarani, kwa kliti kubwa ya plastiki. Hapa kuna Look Keo na SPD-SL ya Shimano. Mguu unatulia sana na uzito unaenea, ndiyo maana waendeshaji wa mbio huzipenda. Ila kliti imejitokeza chini ya soli: kwenye vigae inateleza, kwenye changarawe inaliwa, na kutembea nayo mita 100 ni kazi. Pedali yake hunasa upande mmoja tu.

Matundu manne ni ya viatu vya mfumo wa Speedplay. Ukivikuta mitumbani viache, isipokuwa pedali zake unazo tayari. Vipo pia viatu vichache vyenye matundu mawili na matatu kwa pamoja, na hivyo ni bahati njema.

Kanuni ya kukariri hapa ni fupi: kiatu huoana na kliti, na kliti huoana na pedali. Kuwa na matundu mawili kunakuambia tu kwamba kiatu kitabeba kliti ya SPD, au ya Crankbrothers, au ya Time ya milimani. Kliti ya Crankbrothers haitanasa kwenye pedali ya SPD ingawa matundu ni yaleyale. Vivyo hivyo kliti ya Keo haiingii kwenye SPD-SL, na hata Look yenyewe, kliti ya zamani ya Delta haiingii kwenye pedali ya Keo. Ukinunua pedali mpya, mara nyingi kliti zake huja ndani ya boksi. Ukinunua za mtumba, ulizia kliti kabla ya bei, kwa sababu pedali isiyo na kliti yake ni chuma tu.

Na rangi zina mtego. Kliti huruhusu mguu kuyumba kidogo pembeni, na kwa anayeanza huo uhuru ni kinga ya magoti. Shimano SPD-SL ya njano inatoa nyuzi 6, ya buluu 2, nyekundu haitoi kabisa. Look Keo nyekundu inatoa nyuzi 9, ya kijivu 4.5, nyeusi haitoi. Kwa hiyo nyekundu ya Shimano ni ngumu kuliko zote na nyekundu ya Look ni huru kuliko zote. Mwambie muuzaji jina la mfumo na nyuzi unazotaka, usimtajie rangi peke yake.

Ukiniuliza nichague kwa niaba yako, kwa barabara zetu na mataa yetu, nitachagua matundu mawili bila kusita, hata kwa mwenye baiskeli ya mbio. Pedali ya Shimano PD-M520 ni ya bei ya kati na inavumilia miaka. Nzuri zaidi kwa anayeanza ni ile yenye upande mmoja bapa na upande mwingine wa SPD, kama PD-EH500: siku ya kazini unakanyaga na raba, Jumapili unageuza upande na kuvaa viatu vyako. Na kliti omba SM-SH56, ya rangi ya fedha, badala ya SM-SH51 nyeusi inayokuja kwenye maboksi mengi. SH51 huachia ukizungusha kisigino pembeni tu. SH56 huachia kwa njia zaidi ya moja, hata ukivuta mguu kwa mkupuo huku umeupinda. Siku ya taharuki utaishukuru.

Hatua ya 5: kiatu kinachokukaa

Pima viatu jioni. Miguu huvimba kutwa nzima, na kwenye joto la Dar huvimba zaidi ukiwa juu ya baiskeli. Kiatu kilichokukaa sawasawa asubuhi kitakubana saa nne. Nenda na soksi utakazoendeshea. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole hivi, pembeni pasibane, na kisigino kisipande ukijiinua kwa vidole. Namba zinatofautiana toka kampuni hadi kampuni, hivyo tazama ndani ya ulimi wa kiatu: mara nyingi urefu umeandikwa kwa sentimita, na huo ndio wa kuulinganisha na unyayo wako.

Ugumu wa soli uwe wa wastani. Soli ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu kama ubao, lakini anayeanza haihitaji, na bei yake inatosha kununua pedali, viatu na kofia ngumu pamoja. Nailoni inatosha. Chagua chenye wavu wa kupitisha hewa.

Kwa mtumba, nina mambo ya kusisitiza, maana ndiko wengi wetu tunakonunua. Linganisha namba za viatu vyote viwili, kulia na kushoto; hutokea vikatofautiana. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba pembeni pembeni. Viatu vilivyokaa stoo miaka mingi, soli yake ya plastiki laini huoza kimyakimya: nje inang'aa, ukiikunja inameguka kama biskuti. Ikiacha unga au alama isiyorudi, viache. Vuta soli taratibu mbele ya vidole uone kama gundi imeachia. Halafu inua soleti ya ndani utazame kibati chenye nati za kliti. Kama kliti ya zamani bado imo, jaribu bolti zake kwa alenki namba 4. Zikiwa zimeota kutu na vichwa vimekuwa mviringo, fundi atalazimika kuzitoboa kwa drili, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Jambo lingine linalowapita wengi: viatu vingi vya matundu mawili huuzwa matundu yakiwa yamefunikwa kwa kipande cha raba ambacho mnunuzi hukikata kwa kisu au kukifungua bolti. Kwenye mabunda vinaonekana kama raba za kawaida tu. Ukiona mstari wa mstatili katikati ya soli ya mbele, umeviona.

Hatua ya 6: funga kliti kwa utulivu

Tenga nusu saa. Vaa kiatu, papasa upande wa ndani utafute mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba, uweke alama ya kalamu kwenye kiatu hapo. Fanya hivyo upande wa nje, nyuma ya kidole cha mwisho. Alama hizi mbili hazitalingana, ya nje itakuwa nyuma kidogo. Katikati ya kliti ikae kati ya alama hizo. Ukiwa na shaka, isogeze milimita chache kuelekea kisigino kuliko kuelekea vidole. Kliti iliyokaa mbele mno huchosha misuli ya nyuma ya mguu na kutia ganzi vidoleni.

Kwa pembe, kaa ukingoni mwa meza miguu ikining'inia. Tazama inaelekea wapi yenyewe. Kama wa kulia unatazama nje kidogo, acha kliti iufuate. Usiulazimishe unyooke, kwa sababu goti ndilo litakalolipa.

Paka grisi kwenye bolti, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu. Kiwango ni niuton-mita 5 hadi 6 kwa mwenye spana ya kipimo. Asiye nayo atumie alenki fupi na nguvu ya kiganja, asiweke uzito wa mwili. Kisha chora mstari kuizunguka kliti kwa kalamu. Ikihama utajua, na ukibadilisha kliti utairudisha palepale.

Ukishafunga, tazama upya urefu wa siti. Viatu vipya na pedali mpya hubadilisha umbali kati ya unyayo na siti, na milimita 5 tu goti linazihisi. Safari za kwanza ziwe fupi, alenki mfukoni. Goti likiuma, sogeza kitu kimoja, milimita mbili, uendeshe tena ndipo uamue. Maumivu yasiyoisha baada ya marekebisho kadhaa mpelekee daktari.

Hatua ya 7: jifunze kutoka kabla ya kujifunza kwenda

Legeza springi za pedali kwanza. Kuna skrubu ndogo ya alenki namba 3 kwenye kila upande unaonasa. Izungushe kuelekea alama ya kutoa mpaka iwe laini kabisa. Pedali zinazonasa pande zote mbili zina skrubu nne kwa jumla, usisahau moja.

Simama karibu na ukuta, shika ukuta kwa mkono. Nasa mguu: vidole mbele, kanyaga chini mpaka usikie ta. Kisha toa: zungusha kisigino nje, mbali na baiskeli. Fanya mara 20 mguu wa kushoto, mara 20 wa kulia. Ukimaliza nenda kwenye uwanja wa nyasi, uende taratibu, utoe mguu, usimame, unase, uende tena. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya kuingia barabarani.

Mimi sikufanya. Nilifunga kliti jioni na asubuhi nikaingia Barabara ya Bagamoyo. Kwenye mataa ya Mwenge yakawa mekundu, nikafunga breki, nikavuta mguu juu kama nilivyozoea kwenye pedali bapa. Haukutoka. Nikavuta tena kwa nguvu, baiskeli ikasimama, na nikaanguka upande wa kulia, upande wa magari. Nilipofika chini mguu bado ulikuwa umenasa. Nakumbuka tairi la daladala lililosimama, jinsi lilivyokuwa karibu kiasi cha kuona mawe madogo yaliyokwama kwenye kashata zake. Konda aliruka chini akanishika kwapani, "Pole, pole kaka, toa mguu kwanza," na mimi nimelala nazungusha kisigino. Nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Ingeweza kuwa vingine kabisa, na ndiyo maana nasisitiza ukuta na nyasi.

Tangu siku ile nafuata mambo mawili. La kwanza, mguu unatoka kabla baiskeli haijasimama, mita 20 au 30 kabla ya mataa, hata kama huenda yakawa kijani. La pili, unaotoka ni wa kushoto. Huku kwetu tunaendesha kushoto, ukingo wa barabara uko kushoto, basi mwili uegemee huko na si kwenye magari. Anayeendesha Rwanda, Burundi au Kongo, ambako magari hupita kulia, atoe wa kulia.

Hatua ya 8: matunzo

Baada ya safari ya tope au mchanga wa Kigamboni, chokonoa kliti kwa kijiti na usugue pedali kwa mswaki mkuukuu. Tope likijaa ndani ya springi, mguu hauingii, au unaingia na hautoki. Tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye springi, ufute yanayobaki.

Kliti za plastiki zibadilishe kingo zikilika au mguu ukianza kuchomoka wenyewe ukikanyaga kwa nguvu; za chuma hudumu zaidi, lakini mguu ukianza kuyumba sana zimeisha. Kila miezi sita fungua pedali, futa hesi, paka grisi upya, rudisha.

Bolti za kliti zikague baada ya safari ya kwanza, kisha kila wiki kwa mwezi mzima. Bolti moja ikidondoka, kliti inabaki imeshikwa na moja: unazungusha kisigino, kliti inazunguka pamoja nacho, na pedali haiachii. Ikikutokea ukiwa unaendesha, usipambane nayo. Punguza mwendo, tafuta mti au ukuta wa kushika, legeza kamba, uchomoe mguu uache kiatu kwenye pedali. Bolti mbili za akiba na alenki namba 4 ziwe kwenye kimfuko cha chini ya siti, maana ikidondokea Kibaha, maduka mengi utakayopita hayatakuwa nayo.